Anayetaka kuongoza famasi ya watoto aanzie kwenye mizani

Tangu nilipoandika kwamba wodi zetu za watoto zinahitaji wafamasia walioandaliwa kuziongoza, si waliopangiwa tu kwa zamu, barua zimekuwa nyingi. Leo najibu sita.

Shikamoo. Ni mtarajali wa famasia hapa Mbeya. Nimezunguka idara zote lakini moyo umebaki wodi ya watoto. Natamani siku moja niongoze famasi ya watoto. Nisome nini?

Marahaba, mwanangu. Kwetu njia ni ya kuunga vipande. Baada ya miaka minne ya shahada na mwaka huu wa utarajali, Chuo Kikuu cha Muhimbili kina uzamili wa famasia ya hospitali na kliniki, na uzamili mwingine wa usimamizi wa dawa. Wa kwanza unakupeleka kitandani kwa mgonjwa. Wa pili unakupeleka kwenye stoo, manunuzi na bajeti. Kiongozi anahitaji yote hayo, ila ukiniuliza uanze na upi, nasema wa kitandani.

Sababu ni hii. Mofini ni dawa kali ya maumivu, na ampuli yake ya miligramu 10, kichupa kimoja cha sindano, ilitengenezwa kwa ajili ya mtu mzima. Ukikosea dozi ya mtu mzima mara kumi, muuguzi atalazimika kuvunja ampuli kumi, na kabla hajafika ya tatu atauliza kulikoni. Sasa chukua kichanga wa kilo 3 aliyeandikiwa miligramu 0.05 kwa kila kilo, yaani 0.15. Kosea mara kumi, unapata 1.5. Bado imo ndani ya ampuli ile ile moja, na nyingi imebaki. Hakuna cha kumshtua mtu. Nukta moja tu imehama, na mtoto anaacha kupumua.

Hesabu hiyo uizoee mpaka uione bila kuitafuta, kwa sababu ukipata cheo utakuwa unasaini taratibu zitakazofuatwa na wengine usiku ukiwa umelala kwako. Omba ubakizwe wodini miezi mingi kadiri inavyowezekana. Pima watoto uzito kwa mikono yako. Simama na muuguzi anapochanganya dawa ya dripu. Uwe na orodha ya dawa muhimu za watoto ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutolewa 2007, na kitabu cha dozi za watoto cha Uingereza, BNF for Children, kilichoanza 2005. Usivisome kama mtu anayejiandaa na mtihani. Soma ukurasa wa dawa uliyoikuta wodini asubuhi ile ile.

Mkuu wangu amestaafu, nimekabidhiwa famasi nzima ya hospitali, pamoja na wodi ya watoto. Dawa nazijua, miaka kumi na moja sasa. Uongozi sijafundishwa hata siku moja. Usiku silali. Mfamasia, Tabora.

Pole, kaka. Wengi wetu tulianza hivyo hivyo, tukapewa funguo za stoo bila mafunzo yoyote. Linaniuma hadi leo, kwa sababu wanaolipia masomo yetu ya ukubwani ni watoto wa watu.

Mwaka wangu wa kwanza nikiwa msimamizi, mahali nisipopataja, mtoto wa miezi minane alikuwa na uzito wa kilo 8.2. Wakati wa kuhamisha maelezo kwenye karatasi mpya ikaandikwa 28. Dawa ya degedege ikahesabiwa kwa kilo 28. Alilala usingizi mzito siku nzima na mama yake akidhani amepata nafuu. Tulimwahi, alipona. Mimi nilifanya nini? Nilimtafuta aliyeandika, nikampata, akapewa barua ya onyo. Miezi miwili baadaye kosa lile lile likarudi, mwandishi mwingine kabisa. Ndipo nilipoiangalia karatasi yenyewe. Sehemu ya uzito ilikuwa pembeni, finyu kama ukucha, haina tarehe. Na mizani ya wodi ilikuwa mbovu, watoto walikuwa wakikadiriwa kwa macho. Nilikuwa nimemwadhibu muuguzi kwa kosa la karatasi na mizani.

Basi somo la kwanza la uongozi ni hilo: kosa likitokea, uliza ni nini kililiruhusu kabla ya kuuliza ni nani. Watu wakijua hivyo ndivyo unavyouliza, watakuletea makosa wenyewe, hata yale yaliyonaswa kabla ya kumfikia mtoto. Hayo ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu yanakuonyesha shimo kabla mtu hajatumbukia.

Mengine ya miezi yako ya mwanzo ni haya. Kloridi ya potasiamu isiyochanganywa, ambayo ikidungwa hivyo hivyo inaweza kusimamisha moyo, isikae kwenye rafu ya wodi. Dozi ya mtoto isitoke famasi bila uzito wenye tarehe. Kisha jifunze kuzungumza bajeti, maana hapo ndipo wengi tunanyamaza. Ukitaka amoksilini ya kuyeyuka ya miligramu 250 badala ya kuacha wauguzi wakate na kusaga vidonge vya wakubwa, usiende kwenye Kamati ya Dawa na Tiba ya hospitali yako ukisema "ni bora kwa watoto". Nenda na idadi ya watoto wa nimonia uliowahudumia miezi mitatu, vidonge vilivyosagwa, siku ambazo dawa iliisha, na bei ya Bohari ya Dawa.

Na ukitaka kumshawishi Mganga Mfawidhi akuruhusu kumweka mfamasia wodini badala ya dirishani, mpelekee utafiti wa Rainu Kaushal na wenzake wa Marekani, uliochapishwa 2001. Walipitia maagizo ya dawa zaidi ya 10,000 kwenye wodi za watoto za hospitali mbili. Makosa yenye uwezo wa kudhuru yalitokea mara tatu zaidi ya kwa watu wazima, na madaktari waliochambua wakakadiria kwamba mfamasia aliyeko wodini angeweza kuzuia asilimia 94 ya hayo. Waliokadiria hivyo ni madaktari, na hilo litakusaidia mezani kwake.

Mfamasia wetu mpya ni binti mdogo. Kwenye raundi anamsahihisha daktari bingwa mbele ya wazazi. Anayosema ni kweli, lakini hali inachafuka. Muuguzi kiongozi, Mwanza.

Dada, asante kwa kumfikiria badala ya kumsema. Huyo binti hana kosa la elimu. Amefundishwa dawa, hajafundishwa namna ya kumwambia mkubwa jambo zito. Hilo linafundishika. Kaeni pamoja dakika kumi kabla ya raundi, yeye, wewe na daktari wa zamu, mpitie mafaili. Mengi yatakwisha hapo. Yatakayobaki, mzoezeni kuanza na kipimo: "Daktari, uzito wa leo ni kilo 6, naomba tuiangalie tena dozi hii." Jizoezeni kwa sauti, mmoja akiwa daktari, mmoja mfamasia. Mwanzoni mtaona haya, fanyeni tu.

Lakini mumwambie na hili, tena bingwa alisikie: dawa yenye hatari ikiwa inakaribia kuingia mshipani, aseme "simama" papo hapo, awepo mzazi, awepo waziri. Hilo likubaliwe mapema na bingwa mwenyewe.

Nina shahada ya famasia ya Nairobi. Je, niende Marekani kusomea ubingwa wa watoto na uongozi?

Huko ngazi zimepangwa. Baada ya shahada, mwaka mmoja wa mafunzo ya jumla hospitalini, kisha mwaka wa pili wa kubobea, na famasia ya watoto ni mojawapo ya maeneo hayo. Ipo pia njia ya miaka miwili ya utawala na uongozi. Mtihani wa bodi wa ubingwa wa famasia ya watoto ulianza 2015. Kizingiti kiko mlangoni: waliohitimu nje kuanzia 2003 wanatakiwa wawe wamesoma famasia kwa miaka mitano au zaidi. Wewe wa Kenya umesoma mitano. Mwenzako wa Tanzania mwenye minne anakwama kabla hata ya mtihani. Baada ya hapo kuna mtihani wa kuthibitisha kwamba elimu yako inalingana na yao, mtihani wa Kiingereza na leseni ya jimbo.

Ukiweza, nenda. Usipoweza, Chuo Kikuu cha Nairobi kina uzamili wa famasia ya kliniki, na jijini hapo hapo ipo Gertrude's, hospitali ya watoto tangu 1947. Omba nafasi ya kujifunza. Jambo ninalotamani tuige kutoka Marekani ni moja: mwanafunzi wa uongozi hupangiwa mlezi, hukaa kwenye vikao vya kamati na hukabidhiwa mradi mmoja autimize mwenyewe. Mkuu yeyote wa famasi anaweza kuanza hivyo Jumatatu ijayo.

Mimi ni mteknolojia wa dawa, Singida. Mbona mnazungumzia wafamasia tu?

Umenigusa pabaya, na una haki. Vituo vingi vinaendeshwa na ninyi. Hesabu ya dozi kwa uzito na daftari la kuandikia makosa, hata yaliyonaswa mapema, ni vyenu pia. Anza na daftari.

Mimi ni mzazi tu, Tanga. Haya ya uongozi yananihusu nini?

Mama, yanakuhusu siku ya kuruhusiwa hospitali. Amoksilini ya maji huja kwa nguvu mbili, miligramu 125 na miligramu 250 kwa kila mililita 5. Chupa zinafanana. Ukiambiwa tu "kijiko kimoja", unaweza kumpa mwanao nusu ya dozi au dozi maradufu. Famasi iliyoongozwa vizuri haitakuacha uondoke hivyo. Usipoelezwa, uliza: mwanangu ana kilo ngapi leo, chupa hii ni ya nguvu gani, ni mililita ngapi kila mara, na niimwage lini baada ya kuchanganywa? Omba bomba la kupimia lisilo na sindano, mfamasia alichore mstari kwa kalamu pale dozi inapofika, kisha ivute wewe mwenyewe mbele yake kabla hujaondoka dirishani.