Kwa mnaoanza historia ya dunia Kidato cha Tano, Unguja na Pemba

Wadogo zangu mlioingia Kidato cha Tano mwaka huu na historia iko kwenye kombi yenu ya masomo, iwe HGL, HKL, HGK au HGE, hongereni. Mimi nimeisoma hapa Pemba na sasa naifundisha. Kila mwaka naona vijana wenye akili nzuri kabisa wakianguka kwa jambo lile lile: wanaingia na mtindo wa Kidato cha Nne. Wiki ya kwanza tu wanatafuta madesa, yaani notisi za kukariri, ya waliotangulia, wanakariri sababu saba za kila tukio, kisha wanashangaa insha yao ndefu imerudi na alama ndogo.

Alama zinapungua kwa sababu insha ya ngazi hii inapima kama unajua kitu gani kilizaa kitu gani, na kipi kilikuwa na uzito kuliko chengine.

Chukueni Mapinduzi ya Ufaransa. Mwanafunzi wa madesa ataandika njaa, kodi, udhaifu wa mfalme, wanafalsafa na vita vya Marekani, kila moja aya yake, zote sawa sawa. Sasa zipange zisukumane. Hazina ya Ufaransa ilikuwa tupu, na sehemu kubwa ya deni ilitokana na vita, vikiwemo vile vya kuwasaidia Wamarekani kujitoa kwa Muingereza. Deni halilipiki bila ya kodi, na makasisi na makabaila walikuwa wamesamehewa sehemu kubwa ya kodi. Mfalme Louis wa 16 alipotaka kuwagusa, walikataa. Akalazimika kuliita baraza la matabaka matatu Mei 1789, baraza ambalo halikuwa limekutana tangu 1614. Kabla yake, mavuno ya 1788 yalikuwa mabaya na bei ya mkate Paris ilikuwa juu. Tarehe 14 Julai watu wakaivamia Bastille. Hoja ni zile zile, lakini sasa ukiondoa moja, inayofuata haisimami. Msahihishaji akisoma hivi anajua umeelewa. Na ukitaka kwenda mbele zaidi, fuata moto huo ulivyovuka bahari: watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuja kuwa Haiti, waliinuka 1791, na mwaka 1804 Haiti ikawa nchi huru. Wengi wanaiacha Haiti kabisa, na mimi naona ni hasara kubwa, maana hapo ndipo lile neno la haki za binadamu lilipotiwa kwenye mtihani wa kweli.

Jambo la pili, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: msiisome dunia kama kitu kilichotokea mbali. Dunia imepita hapa visiwani, na imeacha alama mnazozikanyaga kila siku.

Mnapofika Mapinduzi ya Viwanda, anzeni na kitambaa cha merikani. Seyyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na 1837 konsula wao akawa ameshakaa Unguja. Meli zilitoka Salem, Massachusetts, zikaleta kitambaa cha pamba, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Pamba hiyo ililimwa na watumwa Weusi kusini mwa Marekani, ikafumwa viwandani kaskazini, ikauzwa huku. Pembe zikaenda kuwa funguo za piano, sandarusi ikawa vanishi ya samani. Kisha 1861 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikazuka Marekani, pamba ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikajaza nafasi sokoni kwetu. Angalieni bidhaa moja imebeba mada ngapi: utumwa, viwanda, masoko, malighafi, ushindani wa mabepari. Mkilielewa hili kwa kitambaa kimoja, ile mada ya ubepari inayowatisha wengi mtaisoma kwa raha.

Hivyo hivyo kwa Ujerumani. Wanafunzi huuliza kwa nini tujue mambo ya Bismarck, kansela wake. Ujerumani iliungana 1871. Nchi hiyo mpya yenye viwanda ikataka nafasi yake, mkutano wa Berlin ukafanyika 1884 hadi 1885, na mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa wakampimia Sultani mwambao wake: ukanda wa maili kumi. Machi 1890 Bismarck akaondolewa, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo ukasainiwa mkataba uliomuachia Muingereza Unguja na Pemba, na Mjerumani akapata kisiwa cha Heligoland. Yaani hatima ya visiwa vyetu iliwekwa mezani pamoja na kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Ukishaijua njia hiyo kutoka 1871 hadi 1890, huhitaji kukariri uhusiano baina ya utaifa wa Ulaya na ubeberu. Unaueleza.

Mdororo wa uchumi wa dunia wa 1929 nao waulizeni wazee wenye mashamba ya karafuu, au watoto wao. Bei iliporomoka, mashamba yakawekwa rehani, serikali ya kikoloni ikaingilia kwa sheria za 1934 na kukipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu, na 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakagomea biashara hiyo. Kwa Vita vya Kwanza, someni jinsi manowari ya Kijerumani Königsberg ilivyoizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914. Na mkipita Mnazi Mmoja, litazameni jengo la Beit el-Amani. Lilijengwa kuwa kumbukumbu ya amani baada ya vita hivyo.

Hata majina ya skuli zetu ni silabasi. Hapa Pemba tuna Fidel Castro, na mjini Unguja zipo Lumumba, Ben Bella na Haile Selassie. Haile Selassie ni uvamizi wa Italia Ethiopia 1935 na kushindwa kwa Shirikisho la Mataifa. Ben Bella ni vita vya ukombozi vya Algeria, 1954 hadi 1962. Lumumba, aliyeuawa Januari 1961, ni Kongo na Vita Baridi. Castro ni mapinduzi ya Kuba ya 1959 na mgogoro wa makombora wa 1962. Ongezeni juu yake kituo cha Wamarekani cha kufuatilia vyombo vya anga kilichokuwepo Tunguu hadi 1964, na nyumba za Kikwajuni zilizojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Ni kisiwa kimoja, na katika muda mfupi kambi zote mbili zimepita.

Lakini shikeni mpaka. Mifano ya nyumbani ni ya kuwafungulia akili, na mara nyengine ya kupamba hoja. Swali likiuliza kwa nini Uingereza ilitangulia katika viwanda, jibu lake ni makaa ya mawe, mtaji, mageuzi ya kilimo, masoko ya makoloni na utulivu wa kisiasa baada ya 1688. Usiipeleke karafuu pale isipoitwa.

Kuhusu vitabu, someni kwa kuuliza nani anasema. Vita vya Waingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 vinatajwa sana kuwa vifupi kuliko vyote duniani, chini ya saa moja. Aliyehesabu dakika alikuwa kwenye meli. Waliokuwa ndani ya jumba la mfalme, ambako inakadiriwa watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, wasingevielezea kwa saa. Tabia hiyo ya kuuliza ihamisheni kwa kila mada, na pia kwa masimulizi ya wazee wetu. Wasikilizeni kwa adabu, andikeni wanayosema, kisha linganisheni na maandishi. Mkipata nafasi ya kwenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, nendeni, hata kwa asubuhi moja. Barua ya zamani ukiiona kwa macho inakufundisha kitu ambacho notisi haziwezi.

Sasa lugha, maana najua ndiyo inayowauma. Mtihani ni wa Kiingereza, na wengi mnafikiri kwa Kiswahili. Msione haya. Kaeni barazani wawili watatu, mmoja asimulie mada yote kwa Kiswahili bila ya daftari, wenzake wamkatize na "kwa nini?" kila anaporuka hatua. Akishaimaliza bila ya kukwama, ndipo aandike kwa Kiingereza chepesi, sentensi fupi. Kiingereza cha kuazima kutoka kwenye desa hujulikana mara moja, na kinaficha hoja yako mwenyewe. Waliokaa dahalia wana bahati, wafanye hivi baada ya isha.

Insha andikeni kila wiki, hata moja tu, na mumpelekee mwalimu. Anzeni kwa kutoa msimamo wenu katika aya ya kwanza, msipoteze ukurasa mzima kwa kueleza maana ya maneno. Swali likisema "kwa kiasi gani," lazima useme kiasi, kisha uonyeshe na upande wa pili. Na kabla ya yote, muhula huu wa kwanza chukueni karatasi kubwa, chora mstari kutoka 1492 hadi 1991, bandikeni ukutani, na kila mnachosoma kiingizeni: juu ya mstari yaliyotokea Ulaya, Asia na Marekani, chini yake yaliyotokea Afrika Mashariki miaka hiyo hiyo.