Kwa nini blaki metali ya Aisilandi inatisha na bado inavuta

Swali ni hili: blaki metali, aina ya metali ya kasi na giza, inasikika Aisilandi kama gitaa halijatyuniwa, sasa mtu anaurudia kwa nini? Na sauti ile inapatikanaje?

Gitaa limetyuniwa vizuri kabisa. Chukua lako, zima distoshani (ile athari inayokwaruza sauti). Bonyeza waya wa pili (B) kwenye freti ya 5, uupige pamoja na waya wa kwanza (E) ukiwa wazi. Noti zote mbili ni Hz 329.6 (mitetemo kwa sekunde), zinatulia pamoja. Zikiyumba, tyuni kwanza. Sasa sogeza kidole hadi freti ya 6. Hiyo ni F, Hz 349.2, na ile tofauti ya karibu 20 ndiyo mapigo unayoyasikia kila sekunde. Sauti inaota miiba. Sikio linashindwa kuzitenganisha na linashindwa kuziunganisha. Wasiwasi wote wa muziki huu unaanzia hapo.

Washa distoshani na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Noti mbili zikipita kwenye distoshani moja huzaa noti nyingine ambazo hukuzipiga, za jumla na za tofauti. Kwenye nyuzi nyembamba hilo linaleta utisho; ukiufanya mgongano uleule kwenye nyuzi nene unapata uji. Kwa hiyo noti zinazogombana zikae juu, besi ishike mzizi (noti ya msingi). Anza na geni (kiasi cha distoshani) ya 4 kati ya 10, usikate sauti za kati. Mkiwa na magitaa mawili, mgawane mgongano: mmoja ashike E, mwenzake F, kila mmoja na amplifaya yake, kushoto na kulia. Distoshani haizichanganyi tena, kila noti inabaki safi, na ugomvi unahamia hewani kwa msikilizaji. Eko iwepo ya kutosha noti iliyopita iikute inayofuata, lakini ikifunika mgomo wa piki, imezidi.

Mbinu hii haikuzaliwa Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi. Bendi ya Deathspell Omega ya Ufaransa walishaifungua njia mwaka 2004. Waaisilandi waliipa uzito na mwili. Bendi ya Svartidauði walitoa albamu ya Flesh Cathedral mwaka 2012, nyimbo 4 tu, ndefu, na fungu moja linarudiwa hadi sikio linazoea miiba na kuiona ndiyo nyumbani. Kisha inakuja kodi (noti kadhaa kwa pamoja) moja ya kawaida ya mainori, yaani ya huzuni, na inahisi kama mlango umefunguliwa. Mvuto uko kwenye kucheleweshwa huko. Anayejaza mgongano tangu mwanzo hadi mwisho anachosha watu, maana hakuna kinachosubiriwa.

Rekodi nyingi za kule zimepitia mikononi mwa fundi wa sauti Stephen Lockhart wa Studio Emissary, na ndiyo maana hata ngoma zikienda kasi bado unasikia nani anapiga nini. Ukungu wa makusudi kwenye rekodi za blaki metali ya Norwei ya miaka ya 1990 ungeua hila hii yote.

Kwa anayeanza: bendi ya Misþyrming, albamu ya Söngvar elds og óreiðu (2015), kwa sababu melodia inakushika mkono. Halafu Sinmara, Aphotic Womb (2014). Svartidauði waje mwisho. Tumia hedifoni, kwenye spika ya simu kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja na utasikia kelele tu.