Babu yangu alikuwa mganga: je, watoto wangu wanalipa deni lake?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Nina miaka 31, nilibatizwa utotoni na nimefunga ndoa kanisani. Mimba tatu zimetoka, ya mwisho Januari hii. Babu yangu mzaa baba alikuwa mganga anayejulikana sana huku kwetu Kanda ya Ziwa. Rafiki wa jumuiya alinipeleka kwenye kikundi cha maombi. Mwalimu wa pale akanichorea mti wa ukoo, akasema babu aliweka agano na mizimu, hivyo watoto wangu wanadaiwa mpaka kizazi cha nne. Anataka nifunge kavu siku zote arobaini za Kwaresima, nipeleke sadaka ya ukombozi shilingi laki tatu, nichome picha za babu na nikate mguu kwa bibi, ambaye ndiye aliyenilea. Natumia dawa za kuongeza damu. Mume wangu yuko upande wangu ila ndugu zake wameanza maneno. Je, ubatizo wangu haukutosha?

JIBU: Milele na milele, mwanangu. Ulitosha. Sitaki ufike mwisho wa majibu haya ndipo ulijue hilo. Ubatizo wako ulitosha siku ile ulipomwagiwa maji, unatosha leo, na hakuna mwalimu wa maombi mwenye mamlaka ya kukuambia bado kuna salio.

Pole sana kwa watoto wako watatu. Naandika "watoto" kwa sababu ndivyo walivyo. Nitarudi kwao.

Kwanza nishughulike na fundisho hili, maana halikukupata wewe peke yako. Kila Kwaresima linaamka, linavaa majivu na rozari, na waamini wetu wanalipokea wakidhani ni la Kanisa. Si la Kanisa.

Wanaolifundisha husimama juu ya Kutoka 20:5, pale Mungu anaposema huwapatiliza wana maovu ya baba zao hata kizazi cha tatu na cha nne. Wanaposoma huishia hapo. Andiko lenyewe halijaisha: linasema "cha wanichukiao", na mstari unaofuata unasema huwarehemu maelfu elfu wampendao na kuzishika amri zake. Wewe unayeamka alfajiri kwenda Misa ya Jumatano ya Majivu ukiwa na uchungu wa mtoto uliyempoteza mwezi mmoja kabla, ni nani amekuweka katika hesabu ya wanaomchukia Mungu? Huyo ana kesi ya kujibu.

Tena swali hili lilikwisha kuulizwa na kujibiwa ndani ya Biblia yenyewe. Wayahudi waliohamishwa Babeli mwaka 597 Kabla ya Kristo walikuwa na msemo wao: baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi. Yaani, tunateseka kwa ajili ya wazee wetu. Mungu akamtuma Ezekieli awakataze kuutumia tena. Someni sura nzima ya 18, wewe na mumeo, kwa sauti. "Mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Mungu ameapa kwa uhai wake kwamba msemo huo usisikike tena katika Israeli, na leo tunausikia katika vikundi vya maombi!

Au angalia ukoo wa Yosia. Babu yake, mfalme Manase, alimpitisha mwanawe motoni, akapiga ramli, akafanya uganga, akajishughulisha na wenye pepo. Yote yameandikwa katika 2 Wafalme 21. Kama kungekuwa na mtu wa kuchorewa mti wa ukoo na kuogopeshwa, ni Yosia. Lakini Maandiko yanasema kabla yake hakukuwa na mfalme aliyemrudia Bwana kwa moyo wote kama yeye. Ni kweli kwamba hukumu iliyotangazwa kwa ajili ya Manase iliushukia Yerusalemu baadaye, juu ya watu walioziendea tena sanamu. Yosia mwenyewe, nabii mke Hulda alimwambia macho yake hayatayaona mabaya hayo. Manase na Yosia wote wawili wamo katika orodha ya vizazi vya Yesu, Mathayo sura ya kwanza. Bwana wetu hakuona haya kuwa na mwaga damu na mpiga ramli katika ukoo wake.

Halafu kuna Injili ambayo Kanisa limeiweka katikati ya Kwaresima kwa makusudi, Jumapili ya nne ya Mwaka A, wa kwanza katika mzunguko wa miaka mitatu ya masomo ya Misa: kipofu tangu kuzaliwa, Yohana 9. Mitume wanauliza swali lile lile la mwalimu wako: ni nani aliyetenda dhambi, mtu huyu au wazazi wake? Yesu anajibu: huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake. Anayakataa yote mawili, kisha anatema mate, anafanya tope na kuanza kumtibu. Ukiendelea mpaka mstari wa 34 utawakuta wanaoshikilia kwamba mtu yule alizaliwa katika dhambi tupu: ni Mafarisayo, wale waliomfukuza. Na baada ya kufukuzwa, Yesu ndiye aliyemtafuta. Katika sura ile, fundisho la kwamba mateso ya mtu ni ushahidi wa uchafu wa kuzaliwa kwake liko vinywani mwa wasioona.

Watakuambia: mbona Kanisa linafundisha dhambi ya asili? Dhambi ya asili ni hali ya kukosa neema ambayo sote tumeipokea kutoka kwa Adamu, si ya ukoo wako peke yenu, na Katekisimu namba 1263 inasema kwa ubatizo dhambi zote husamehewa, ya asili na za binafsi, pamoja na adhabu zote za dhambi. Zote. Ukisema imebaki moja ya babu, umesema Kristo alikufa akaacha kazi pungufu.

Watakuambia pia: mbona mtoto wa mlevi hulala njaa? Ndiyo, madhara ya dhambi hupita kutoka mzazi hadi mtoto, kwa njaa, kwa hofu, kwa tabia zinazoigwa. Hatia haipiti. Mungu hamdai mtoto yule chupa za baba yake.

Maaskofu wa Ufaransa, kupitia tume yao ya mafundisho, walitoa onyo kuhusu mambo haya mwaka 2007. Wa Hispania walifanya vivyo hivyo mwaka 2024, wakaipa hati yao jina kutoka utenzi wa Bikira Maria: huruma yake hudumu kizazi hata kizazi. Mama Maria aliimba juu ya vizazi, na alichokiona kikipita humo ni huruma. Isitoshe, mwaka 1985 Idara ya Mafundisho ya Imani ya Vatikani ilikataza wasio na ruhusa ya askofu kuongoza mikutano ya kusemeshana na pepo na kuwauliza majina. Ikiwa mwalimu wako anaita mizimu ya babu kwa majina mbele ya watu, anafanya kilichokatazwa, hata kama nia yake ni njema. Na huenda ni njema, sitamhukumu moyo.

Ila kuhusu laki tatu sitakuwa mpole. Simoni Mchawi alitaka kulipia kipaji cha Mungu, na Petro akamwambia: fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Kanuni ya 848 ya Sheria za Kanisa inamzuia hata padre asidai kitu kwa ajili ya sakramenti zaidi ya kile kilichopangwa na wenye mamlaka, na inamtaka ahakikishe maskini hakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wake. Anayekuuzia ukombozi amerudi kwenye kazi ya babu yako akiwa na Biblia mkononi.

Mwalimu ana ukweli mmoja, nami sitauficha. Uganga wa kuita mizimu na ramli ni dhambi nzito. Kama katika shida hii wewe mwenyewe ulikwenda kwa mganga, ukafungiwa hirizi au kuchanjwa chale za kinga, hilo ni lako. Litupe lililopo, uende kwenye kitubio. Dakika chache na padre aliye karibu nawe, basi. Kama kwa bibi bado kuna vibuyu na tunguri, viteketezwe kwa ridhaa yake, kama Wakristo wa Efeso walivyochoma vitabu vyao vya uchawi. Picha za babu ni jambo lingine kabisa. Usichome uso wa babu yako.

Hapa ndipo fundisho hili linaponiumiza kuliko pote. Linakufanya umkimbie marehemu ambaye imani yako inakutaka umwombee. Katika Kanuni ya Imani tunasali kwamba Kristo alishukia kuzimu. Jumamosi Kuu Kanisa hunyamaza mbele ya fumbo hilo, na katika picha takatifu za Pasaka za Wakristo wa Mashariki utamwona Bwana akikanyaga milango iliyovunjika, amemshika Adamu kifundo cha mkono anamvuta juu. Mkosaji wa kwanza, babu wa mababu, ndiye anayefuatwa. Sijui babu yako alikufa akiwa na nini moyoni, wala mwalimu wako hajui. Mtajie paroko jina lake siku ya Misa ya marehemu. Mwombee kwa sababu unampenda na kwa sababu anahitaji, si kama dawa ya tumbo lako. Misa si zindiko.

Na bibi, usikate mguu. Amekulea. Nenda Kwaresima hii, mpelekee sukari na unga, kaa naye. Huenda naye amesikia maneno ya watu na anajiona ndiye aliyekuharibia. Isaya 58, tunayosoma Ijumaa baada ya Majivu, inautaja mfungo anaoupenda Mungu, na ndani yake kuna kutojificha na mtu wa damu yako mwenyewe.

Kuhusu kufunga: Kanisa linatudai mfungo siku mbili tu, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi kuanza mwaka wa 60, tena mlo mmoja kamili na miwili midogo inaruhusiwa. Wagonjwa wamesamehewa. Wewe mwili wako umemwaga damu Januari na unatumia dawa ya damu. Kufunga kavu siku arobaini kwako si toba, ni kujidhuru, nami nakukataza. Kunywa maji, kula mchicha na maharage, meza dawa. Kama unataka kujinyima kitu, jinyime kukaa na wale wanaokuongezea hofu.

Sasa watoto. Pengine hukuruhusiwa kuwalilia. Wanawake wengi huambiwa "ilikuwa damu tu" na kurudishwa jikoni. Katekisimu namba 1261 inawakabidhi watoto waliokufa bila ubatizo kwa huruma ya Mungu, ambaye anataka watu wote waokoke, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ya Vatikani ilieleza sababu nzito za kutumaini kwamba wameokoka. Wape majina, wewe na baba yao. Washeni mshumaa nyumbani, mlie pamoja. Hawadaiwi na mtu. Wamo mikononi mwa Baba.

Ndugu wa mume watajibiwa na mume, kikaoni, kwa kinywa chake. Awaambie kwamba kwa Kanuni ya 1084 utasa haukatazi wala haubatilishi ndoa. Kwako wewe hata neno utasa halijathibitishwa na mtu yeyote.

Mimba tatu kutoka ni sababu ya kutosha ya kuonana na daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya mkoa au ya rufaa. Kuna mambo ya kupima: sukari, shinikizo la damu, kundi la damu na Rhesus, umbo la mji wa mimba, maambukizi, na mume naye apimwe. Si kila chanzo hupatikana, wala siwezi kukuahidi mtoto, hakuna anayeweza. Ila wanawake wengi waliopitia hayo wamezaa baadaye.

Usiku wa Mkesha wa Pasaka, mumeo akiwa kando yako, padre atawauliza kama mnamkataa Shetani na mambo yake yote. Jibu kwa sauti. Hiyo ndiyo sala ya kufunguliwa ambayo Kanisa limekuandalia, na haina kiingilio. Kabla ya hapo pangeni siku ya hospitali, na zile laki tatu ziwe za nauli na vipimo.