Msomaji akisema "muue Nangobi", nimsikilize?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Jinja. Tangu Januari nimekuwa nikiandika hadithi ndefu ya wavuvi wa Masese na kuituma kwa sehemu, kila Ijumaa, katika kundi la WhatsApp lenye wasomaji wapatao 200 kutoka Uganda, Kenya na Tanzania. Silipwi chochote. Wengi huandika "kali sana, endelea" au hunyamaza, na mmoja tu hunikosoa kila wiki kwa maneno marefu. Baada ya sehemu ya 9 aliandika: "Huyu Nangobi simwelewi, afadhali umuue." Nimefika sehemu ya 14 na kalamu imekuwa nzito. Maoni haya yana faida gani kwa mwandishi asiye na mchapishaji, na nitajuaje ya kufuata na ya kuacha? Naambatanisha sehemu ya 6 na ya 9, pamoja na muhtasari wa hadithi nzima.

JIBU: Mwalimu, nimezisoma sehemu zote mbili mara mbili, na nitaanza na Nangobi, kwa kuwa sehemu kubwa ya jibu lako imo humo.

Katika sehemu ya 6 injini ya mashua ya kaka yake inaibwa usiku, na Nangobi analia hadi asubuhi. Katika sehemu ya 9 mtu anayeshukiwa kwa wizi huo anapita mbele ya nyumba, nawe umeandika: "Nangobi alisimama mlangoni, akatabasamu, akamtakia safari njema." Nimeuona muhtasari wako, kwa hiyo najua kwamba ameikuta risiti ya mauzo ya injini na anasubiri siku ya kuitoa hadharani. Msomaji wako hakuuona muhtasari. Alichokiona ni mwanamke aliyelia juzi akimchekea mwizi leo; akachoka naye, na uchovu huo akautamka kwa njia ya kwanza iliyomjia. Mteja wa fundi cherehani naye husema, "Koti linanibana, ongeza kitambaa mgongoni." Fundi mzoefu huamini kwamba koti linabana, kisha huchukua futi yake na kupima mwenyewe, na mara nyingi hukuta kasoro iko kwapani. Mwamini msomaji wako kwamba Nangobi haeleweki. Namna ya kumfanya aeleweke ni kazi yako, na sentensi mbili zingetosha: mwonyeshe, kabla ya kufika mlangoni, akikunja karatasi na kuisukuma chini ya godoro, bila kutaja ni karatasi gani. Tabasamu lile lile lililomchosha msomaji litageuka kuwa taharuki.

Hiyo ndiyo faida kubwa ya maoni: yanakupa ushahidi wa kilichotokea katika kichwa cha mtu mwingine alipokuwa akisoma, jambo ambalo mwandishi hawezi kulipata kwa kuisoma kazi yake mwenyewe hata mara mia. Fanani wa hadithi simulizi ana hadhira yake mbele ya macho. Akiona mtoto anapiga miayo hufupisha, akiona watu wamesogea karibu huongeza chumvi. Mwandishi anayetuma sehemu kwa simu hawaoni watu wake, na mwandishi asiye na mchapishaji hana hata mhariri wa kumsomea kwanza. Hapa kwetu, ambako wachapishaji wa hadithi za kubuni za Kiswahili ni wachache mno, msomaji anayekuandikia ndiye mhariri pekee uliye naye. Mwaka 1962, katika mkutano wa waandishi wa Afrika uliofanyika Makerere, mwanafunzi wa chuo hicho aliyeitwa wakati huo James Ngugi alimpa Chinua Achebe mswada wake ausome. Achebe aliusoma, akampa maoni, akaufikisha kwa wachapishaji, na riwaya hiyo ikatoka mwaka 1964. Kijana yule, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Ngũgĩ wa Thiong'o, alianza kwa kutafuta msomaji mmoja makini, nawe tayari unaye mmoja anayekusoma kila wiki.

Naomba usiwadharau wale wa "kali sana, endelea". Mtu huyo amenunua bando, amesoma hadi mwisho, na ameona vema kukwambia. Katika miaka yangu ya kuwasimamia waandishi chipukizi nimewaona wengi zaidi wakiacha kalamu kwa sababu ya ukimya kuliko kwa sababu ya kukosolewa, na neno moja la kutia moyo limewarudisha baadhi yao mezani. Lakini kwa kazi ya kurekebisha mswada, maoni ya namna hiyo hayakupi pa kushika, na kosa si la msomaji. Ukiandika "naomba maoni", utapata sifa, kwa sababu sifa ndiyo adabu inayofahamika. Uliza jambo moja linalojibika: "Ulidhani nani ameiba injini, na ulianza kumshuku wapi?" Wiki nyingine uliza: "Ni mahali gani uliruka mistari?" Waombe wakujibu kwa faragha, kwa sababu kundini jibu la kwanza huyavuta yote yanayofuata, na watu kumi waliomfuata mwenzao ni sawa na shahidi mmoja. Kama wamo wanafunzi wako katika kundi hilo, pokea upendo wao kwa shukrani, lakini katika hesabu usiwatie. Si rahisi mwanafunzi kumwambia mwalimu wake kwamba sehemu ya 12 imemchosha.

Majibu hayo yaweke katika daftari lenye safu nne: sehemu, aya, alichodhani msomaji, na ulichokusudia wewe. Pengo kati ya safu mbili za mwisho ndiko kazi iliko. Wasomaji watatu ambao hawakusikilizana wakijikwaa katika aya ile ile, aya hiyo ina tatizo hata kama unaipenda kuliko zote. Akijikwaa mmoja, isome kwa sauti. Huenda ikawa ladha yake tu. Matusi yafute, usiyarudie.

Jambo moja nakusihi uliepuke kabisa, nalo ni kujitetea. Ukiwaeleza wasomaji kundini kwamba Nangobi anatabasamu kwa sababu ana risiti, watu 200 wataelewa siku hiyo, na hadithi itabaki na shimo lile lile kwa kila atakayeisoma baadaye. Maelezo yoyote unayotamani kuyatoa kundini yapeleke ndani ya hadithi.

Masahihisho ya lugha yana utaratibu wake. Ukiandika "injini yake limeibwa", msomaji wa Tanga au Mombasa atakusahihisha, naye ana haki. Rekebisha siku hiyo hiyo na umshukuru. Lakini hiyo ni lugha ya msimulizi. Mvuvi wa Masese anapozungumza halazimiki kusema kama mtu wa Unguja, na ukimsafishia maneno yote utakuwa umemwondoa ziwani.

Yapo pia maoni ambayo hayaonyeshi kosa lolote, na hayo nayathamini kuliko yote. Mwandishi mmoja kijana niliyemsaidia alikuwa na tukio la posa, ambapo kijana anamwamkia baba wa msichana kwa Kiswahili fasaha, kwa heshima. Wasomaji wa Kenya walilifurahia. Mzee mmoja wa Kampala aliandika kwamba alipofika hapo tumbo lilimkaza, kwa sababu miaka ya 1970 lugha hiyo aliisikia zaidi vinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani. Mwandishi alikuwa bado hajazaliwa wakati huo. Hakulifuta tukio. Aliongeza mstari mmoja tu: baba anaishikilia glasi yake kwa muda, anamtazama kijana viatuni, ndipo anaitikia. Sijui njia nyingine ambayo mstari ule ungeweza kuzaliwa.

Unaweza kujiuliza kama ni halali kubadili hadithi iliyo katikati ya safari. Charles Dickens, aliyechapisha riwaya zake kwa sehemu huko Uingereza, aliandikiwa malalamiko mwaka 1849 na jirani yake, mwanamke wa kimo kifupi sana aliyejitambua katika mhusika mmoja aliyechorwa vibaya, na katika sehemu za baadaye akamgeuza mhusika huyo kuwa mtu mwema. Kwa hiyo ni halali. Hata hivyo nakushauri uyahifadhi daftarini mabadiliko makubwa ya msuko mpaka umalize rasimu nzima, na kwa sasa urekebishe tu yale yanayomfanya msomaji apotee. Msomaji akibashiri mwisho wako, usiubadili kwa hasira. Angalia tu kama amebashiri kwa dalili ulizoziweka au kwa mazoea ya hadithi za aina hiyo.

Sasa huyo anayekukosoa kila wiki. Amezisoma sehemu zote 14, na anakasirika pale Nangobi anapomtoka mkononi, maana yake alikuwa amemshika. Mwandikie kwa faragha leo. Mweleze kwamba umeiona kasoro ya sehemu ya 9, usimtajie risiti, na umwombe aisome sehemu ya 15 siku mbili kabla ya wengine, kisha akwambie ni sentensi gani iliyomfanya asimame.