Mzee anataka haiwei, mimi nataka miji midogo

SWALI: Shangazi, habari za kazi. Mimi na mzee wangu tunaenda Marekani mwezi wa tisa kumuona kijana wetu pale Des Moines, jimbo la Iowa, halafu ndege ya kurudi tunaipandia Chicago. Tumeamua tukodi gari twende wenyewe wawili. Sasa shida imeanzia hapo, mzee anataka tushike haiwei moja kwa moja tufike siku hiyo hiyo, eti mahindi ameyaona ya kutosha Bweyale, haoni kwa nini avuke bahari kwenda kuyatazama tena. Mimi nataka tupite miji midogo pole pole, tulale njiani. Tusuluhishe, na utuambie tupite wapi.
Mama Junior, Jinja

JIBU: Mama Junior, kwenye mahindi mzee wako hajadanganya. Iowa ndiyo inaongoza Marekani nzima kwa mahindi na wakati huo yatakuwa yanakauka yanangoja mashine, mtaendesha wee kushoto mahindi kulia soya. Lakini hiyo haiwei yake, I-80, ni kama kilomita 530 mpaka Chicago na mtakachoona humo ni malori na stesheni za petroli, sasa nauli yote hiyo ya nini? Kwa hiyo niko upande wako, ila na wewe usiniletee orodha ya miji kumi na tano, chagua michache mshuke mtembee kwa miguu.

Anzeni Pella, haiko mbali na Des Moines. Ni mji ulioanzishwa na Waholanzi mwaka 1847 na mpaka leo wanajenga Kiholanzi, wana kinu kirefu cha upepo katikati ya mji kinachosaga ngano kweli kweli, sio pambo. Tulipu zao ni za mwezi wa tano hizo mtazikosa, lakini ingieni bekari muulize mkate mtamu wenye umbo la S, ndani una lozi, nunueni wa kutosha kwa sababu mtagombana kwenye gari.

Kutoka hapo nendeni Amana, ni vijiji saba vya Wajerumani waliokimbia na dini yao. Hapa mzee atapenda, maana hawa watu waliishi kila kitu ni cha wote, mashamba ya wote, jiko moja watu wengi wanakula pamoja, mpaka mwaka 1932 ndio wakaamua kila mtu awe na chake. Jamani fikiria hiyo, Marekani hiyo hiyo ya ubepari! Hoteli zao bado zinaleta chakula kwenye mabakuli makubwa katikati ya meza mnajipakulia, kwa hiyo fikeni na njaa.

West Branch ni pa kupita tu, saa moja inatosha, ila msiiruke. Ndipo alipozaliwa Herbert Hoover mwaka 1874, rais wa 31, na nyumba yenyewe ina vyumba viwili tu. Baba alikufa, mama naye akafuata kabla mtoto hajafika miaka kumi. Kaburi la Hoover liko hapo hapo, unasimama sehemu moja unaona alipoanzia na alipoishia.

Halafu pandeni kaskazini mpaka Dubuque kwenye mto Mississippi. Kuna kilifti cha reli kinapanda mlima, kilijengwa 1882 na mwenye benki mmoja aliyekuwa anafanya kazi chini na nyumba yake iko juu, kuzunguka na farasi kulikuwa kunammalizia muda wa chakula cha mchana na kausingizi kake, basi mwenye pesa akajijengea reli. Kule juu mnaona majimbo matatu kwa mpigo, Iowa, Illinois na Wisconsin.

Mkivuka mto tu mko karibu na Galena, na hapo ndipo ningelala siku mbili, miji mingine hata ikibidi muipunguze. Ulikuwa mji wa madini ya risasi, tajiri sana, meli zilikuwa zinaingia mpaka ndani, halafu mto wa hapo Galena ukajaa matope, biashara ikahama, hakuna aliyekuwa na pesa ya kubomoa ajenge upya. Ndio maana barabara kuu yote bado ni matofali ya zamani. Jenerali Grant alipewa nyumba hapo na wenyeji mwaka 1865 baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na baadaye akawa rais. Kutoka Galena barabara namba 20 inawapeleka upande wa Chicago.

Sasa mambo ya njiani. Miji hii ni kimya, msitegemee mambo ya Najjembe pale barabara ya Kampala, ambapo gari halijasimama vizuri kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, zimeshafika dirishani. Jioni mapema maduka yanafungwa na Jumapili na Jumatatu ndio usiseme, kwa hiyo tokeni Jumanne na muweke maji na matunda kwenye gari. Kule wanaendesha mkono wa kulia na spidi ni kwa maili, ukiona 25 mjini ni kama kilomita 40 na polisi anakusubiri hapo hapo. Njia panda yenye kibao cha STOP pande zote nne, aliyefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza, hata kama hakuna mtu simameni kabisa. Basi la shule likiwasha taa nyekundu msilipite. Mobile money yenu haitasaidia, wakodishaji wengi wanataka kadi ya krediti yenye jina la dereva, hilo lishughulikieni mkiwa bado Jinja na muwaulize mapema kama pamiti ya Uganda peke yake inawatosha.

Na mzee mwachie usukani kutoka Amana mpaka West Branch, hapo mtapita I-80 yenyewe, ni fupi lakini ni haiwei.