Jibu kwa dada wa Magarini: mto unaweza kuachiwa maji kwa ajili ya wanyama bila shamba la mkulima kukauka?

Dada yangu, umeuliza mambo mawili: kama kuna mahali popote mto umesimamiwa kwa ajili ya wanyama wanaokaribia kutoweka bila wakulima kunyang'anywa maji, na kama habari hiyo inatuhusu hata kidogo sisi wa Mto Sabaki. Nitajibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Nilizaliwa Malindi, shamba la wazee wangu likiwa ukingoni mwa Sabaki, kisha nikafanya kazi miaka tisa upande wa Garsen, ambako kila asubuhi na kila jioni nilikuwa nikisoma kipimo cha kina cha Mto Tana na kukiandika daftarini.

Daftari lile lilinionyesha mapema kwamba hesabu ya maji ya mwaka mzima haisemi mengi. Jumla inaweza kuonekana nzuri huku msitu wa kando ya mto ukifa. Zamani Tana ilikuwa ikifurika mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli. Maji yalipanda juu ya kingo, yakaingia mashambani na msituni, yakaacha tope lenye rutuba, yakazama ardhini na kurudi taratibu. Wapokomo walipanda mpunga na migomba kwa kufuata mwendo huo, na Waorma wakashusha ng'ombe deltani nyasi zilipobaki kijani kiangazi. Halafu yakaja mabwawa ya umeme huko juu: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu na Gitaru katika miaka ya 1970, Masinga mwaka 1981 lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo zipatazo bilioni 1.56, na Kiambere mwaka 1988. Kazi ya bwawa la umeme ni kuzuia maji yanapokuwa mengi na kuyatoa kidogo kidogo yanapopungua, na kwa hiyo mto haukukauka. Uliwekwa sawa tu. Mafuriko makubwa mno bado yanapita, kama tulivyoona mwaka 1997, mwishoni mwa 2023 na tena 2024, nayo yanabomoa nyumba. Yaliyopungua ni yale ya kadiri, yaliyokuwa yakilisha watu na msitu bila kuua mtu. Naliona hili kuwa hasara kubwa kuliko inavyosemwa, kwa kuwa tumebaki na madhara ya mafuriko huku tumepoteza sehemu kubwa ya faida yake.

Msitu ninaousema ni ukanda mwembamba. Ukitembea kutoka ukingoni, muda si muda umetokea kwenye vichaka vikavu, kwa sababu miti ile inaishi kwa maji ya mto yaliyozama ardhini. Ndani ya ukanda huo, kwenye kipande cha mto kisichozidi sana kilomita 60, ndimo wanamoishi mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana, nyani wa aina mbili wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Makadirio ya miaka ya 1990 yalikuwa elfu moja na ushee kwa kila aina. Mbega hutegemea zaidi majani machanga, mangabe hutafuta matunda, hasa ya mikuyu na mikindu. Hapo kwenye mkindu ndipo mnyama na binadamu wanapokutana, maana ukindu ni mikeka yetu na utomvu wake ni tembo ya wagemaji, na mkindu uliokatwa kilele hauzai tena. Kuna pia mpopla wa Tana, mti mrefu wenye mbegu nyepesi zinazopeperushwa na upepo, ambazo huota juu ya mchanga mpya wenye unyevu ulioachwa na maji. Mto usipohama wala kumwaga mchanga mpya, mipopla iliyopo inazeeka bila kuacha wana.

Sasa ardhi. Hifadhi ya nyani wale ilitangazwa mwaka 1976, ikiwa na kilomita za mraba 169 hivi, na watu waliokuwa wakilima humo hawakuridhika. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2007 ikaamuliwa kwamba hifadhi haikuwekwa kwa kufuata sheria. Nawafahamu watu wanaolitaja tukio hilo kama ushindi wa wakulima dhidi ya nyani. Mimi silioni hivyo. Wenyeji wale wale walikuwa wametenga vipande vya msitu wao kwa hiari yao, na nimelala katika vijiji ambavyo mtoto akimpiga mbega jiwe anakemewa na kila mtu mzima aliye karibu. Walichokataa ni mpaka uliochorwa bila wao.

Nilishuhudia pia mradi mmoja wa kurudisha miti. Miche ilifika kwa lori mwezi wa Septemba, ikapandwa kwenye ardhi ngumu iliyokuwa na miaka kadhaa bila kufikiwa na maji, ikapigwa picha. Mimi nilikuwa na daftari langu linaloonyesha wazi kwamba mto ulikuwa chini sana na vuli ilikuwa bado; niliwaeleza, wakasema ratiba imeshapangwa. Kufikia Januari nilihesabu michache tu iliyo hai, yote kwenye bonde dogo ambalo maji ya vuli yaliligusa. Nilisikitika sana, kwa kuwa vijana waliochimba yale mashimo waliamini kazi yao.

Kuhusu mahali palipofanikiwa, mfano ninaoufahamu vizuri ni Mto Platte huko Marekani. Serikali kuu na majimbo matatu, Colorado, Wyoming na Nebraska, yalikubaliana kuanzisha mpango wa pamoja ulioanza mwaka 2007 na kuongezewa muda hadi 2032. Viumbe wanaolindwa ni wa aina nne: korongo weupe wakubwa, ambao porini walibaki kama 20 tu mwaka 1941, ndege wawili wadogo wanaotaga mchangani, mmoja wao wa jamii ya buabua, na samaki mmoja. Katika ziwa la bwawa lililoko Nebraska kuna maji yaliyowekwa kando kwa hesabu yake yenyewe, kama akiba benki, nayo hutolewa kwa nyakati zinazowafaa viumbe hao. Ardhi, ambayo lengo lake la kwanza lilikuwa hekta 4,000 hivi, ilinunuliwa au kukodiwa kwa wenyewe waliokubali.

Jambo lililonigusa ni kwamba kule tatizo ni kinyume cha letu. Mafuriko yalipopungua, mipopla ya huko, ndugu wa mpopla wetu, ilivamia mafungu ya mchanga hadi korongo wakakosa mahali peupe pa kulala usiku majini. Ikabidi miti iondolewe. Kwetu mafuriko yamepungua na mipopla inakosa mchanga wa kuota. Ndiyo maana nasema hakuna dawa ya kunakili, kila mto usomwe wenyewe. Hata wao walikosea: walitarajia maji ya kusukumwa kwa mkupuo yajenge mafungu ya mchanga yaliyoinuka vya kutosha ndege kutagia, wakapima miaka kadhaa, wakaona hayafiki, wakageukia kutunza viota kwenye mashimo ya mchanga nje ya mto.

Narudi Sabaki. Habari hii inatuhusu kwa sababu ya bwawa la Thwake huko Makueni, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 na limekaa juu ya maji yanayotufikia. Mdomoni mwa Sabaki, wakati wa kusi, huja ndege wanaozaa Madagaska peke yake, wakatua kwa makundi kwenye mafungu ya mchanga. Viboko wapo. Kituo cha maji cha Baricho huchota hapo maji ya kunywa ya Malindi na Mombasa. Udongo wa mashamba ya bara unashuka na kuchafua matumbawe yetu, kweli, lakini mchanga huo huo ndio unaojenga mafungu na ufuo wa Mambrui. Bwawa linaweza kuzuia sehemu ya vyote viwili. Nenda Ozi, karibu na Kipini, uone mto unaposhindwa kusukumana na bahari: wakati wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya chumvi yanapanda hadi kwenye mpunga na miembe.

Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inatambua akiba ya mto, yaani maji ya mahitaji ya msingi ya watu na ya uhai wa mto wenyewe, kabla ya matumizi mengine. Kwa hiyo mtakapoitwa kwenye kikao cha maji, dada, msiulize tu ni mita ngapi zitaachwa. Ulizeni zitaachwa mwezi gani, na kwa siku ngapi mfululizo. Ulizeni mchanga utapitaje. Ulizeni nani atasimama kwenye daraja la Sabaki kupima, na kama daftari lake litakuwa wazi kwa mkulima yeyote. Shamba letu bado lipo, na mdogo wangu ameshaweka nguzo yenye alama ukingoni. Anasoma kila asubuhi tangu masika iliyopita.