Ukitangaza hadithi ya kutisha, usituonyeshe boma la mtu

Wadogo zangu mnaoandika hadithi za kutisha, kuanzia Nakuru hadi Kisumu: wiki hii nimeona matangazo matatu ya hadithi mpya, na yote yameandikwa "kisa cha kweli". Moja lina picha ya boma. Nimefurahi zimetoka, maana najua mswada unavyokaa kwa mhariri hadi mwenyewe akausahau. Lakini tuketi kidogo.

1. Kabla ya kutangaza, fungua kiungo kwenye simu ya mtu mwingine. Kikigoma, msomaji harudi.

2. Jina la hadithi, mistari miwili, bei, inapopatikana. Basi. Mmoja wenu alitueleza kwenye stetasi kwamba bibi harusi alikuwa amekufa tangu mwanzo, kisha akatuomba tununue. Tununue nini sasa, jamani?

3. Ukiimwaga hadithi nzima Facebook, majarida mengi huihesabu kuwa imeshachapishwa. Anayejichapishia aombe ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, mapema kule KNLS, shirika la maktaba za taifa la Kenya.

4. Usiandike "kisa cha kweli". Hapa nitakaa.

Hadithi yangu ya kwanza kukubaliwa katika mkusanyiko ilikuwa ya jajuok, mchawi wa usiku kwa Wajaluo, yule anayekimbia uchi usiku na kugonga milango ya watu. Niliitunga yote. Siku ya kutangaza nikaona tangazo limepoa, nikatafuta picha ya kulitia moto. Nilikuwa nayo moja niliyoipiga jioni nikiwa likizo nyumbani: lango la miti, ua wa minyaa, bati linaanza kumezwa na giza. Nikaandika juu yake, "Kisa cha kweli kutoka kijijini kwetu." Kufikia usiku lilikuwa limesambaa kuliko chochote nilichowahi kuandika. Nililala na furaha.

Lango lile lilikuwa la nyanya mmoja mjane, jirani yetu. Mtu alilitambua, akalituma kwenye kundi la ukoo. Kule hawakusoma hadithi, walisoma picha. Alfajiri ya siku ya tatu mama akanipigia: vijana wamelirushia bati la nyanya mawe usiku kucha, na watoto waliokuwa wakimchotea maji wamekatazwa kwenda. Nilipanda matatu siku hiyo hiyo. Nilimkuta ndani, mlango umefungwa mchana. Akauliza kama nimekula. Kisha akasema, "Ni mimi uliyeniandika?" Nikamjibu la, nyanya, ni mambo ya kutunga tu. Akasema, "Basi waambie."

Nilifuta. Nikaandika upya. Nikasimama kwenye baraza mbele ya wazee nikakiri kwamba nilitunga kila neno. Picha iliendelea kuzunguka kwa watu nisiowajua. Mwishowe nyanya alihamia kwa bintiye Kondele, mjini Kisumu, na lango lake sasa limefunikwa na minyaa. Oktoba 2021, tuliposikia akina mama wanne wazee wameuawa Marani, kule Kisii, kwa kushukiwa uchawi, nilizima simu nikaenda Kondele kumwona tu. Tulikunywa chai. Sikuweza kusema lolote.

Ndiyo maana nikiona boma kwenye tangazo nasimama wima.

5. Ukihitaji mahali, taja mahali ambapo simulizi zake ni za wote. Simbi Nyaima ipo, karibu na Kendu Bay: wanakijiji walimfukuza bikizee aliyeomba hifadhi, kijiji kikazama, likabaki ziwa. Watu wa Nakuru mna kreta ya Menengai, na mvuke unaotoka ardhini kule unatosha riwaya kumi.

6. Mshukuru mhariri wako kwa jina.

Na wewe mwenye boma la Vihiga, futa ile picha leo, kabla hujalala, na uwaombe waliosambaza wafute pia. Hadithi yenyewe nimeisoma mara mbili. Yule mtoto anayehesabu nyayo nje ya dirisha amenitisha kweli. Nitumie kiungo, nitaitangaza mimi.